Rey Hana Nguvu Kupita Kiasi, Ana Muda Mchache Mno

Kila aliyekua akitazama filamu za mapigano anaijua kanuni ya kwanza: steringi hafi. Anazingirwa na watu arobaini wenye bunduki, risasi zinamiminika, jengo linalipuka, naye anatoka na mkwaruzo mmoja shavuni na nywele zikiwa zimekaa sawa. Hakuna anayesimamisha filamu kuuliza shabaha ile amejifunzia wapi. Ndiyo maana lawama dhidi ya Rey, shujaa wa kike wa filamu tatu za mwisho za sakata la Star Wars la ukoo wa Skywalker, kwamba ana nguvu kupita kiasi, hazifai kutupiliwa mbali kirahisi. Zimetoka kwa watazamaji waliozoea kusamehe mengi. Kuna jambo liliwakera kweli. Ninachobishana nao ni jina walilolipa jambo hilo.

Nianze kwa kuwatendea haki. Star Wars: The Force Awakens ilipotoka Desemba 2015, tulimwona msichana mwokota vyuma chakavu, anayeishi peke yake kwenye sayari ya jangwa iitwayo Jakku. Ndani ya siku chache za hadithi anairusha Millennium Falcon, chombo cha angani, katikati ya mabaki ya manowari huku marubani wa jeshi wakimfukuza, na yeye mwenyewe anakiri kwamba hajawahi kutoka nje ya sayari yake. Anaitengeneza mbele ya Han Solo, mtu aliyeishi ndani ya chombo hicho nusu ya umri wake. Kylo Ren, adui yake mkuu aliyefunzwa miaka na miaka, anamwingia akilini kutafuta siri, naye anamgeuzia kibao na kusoma hofu iliyomo kichwani mwa mtesaji wake. Anamwamuru askari amfungulie pingu, askari anatii. Hatimaye, msituni, anamshinda Kylo Ren huyohuyo kwa upanga wa mwanga. Mwalimu hana. Ukiyapanga mfululizo namna hiyo, unamwona mtu aliyeingia kwenye mtihani na majibu mfukoni.

Mashabiki wakambandika jina la Mary Sue. Jina hilo ni la 1973, Paula Smith alipoandika kikejeli kifupi kuhusu luteni wa miaka 15 na nusu katika ulimwengu wa Star Trek, binti anayependwa na kila mtu na anayeweza kila kitu. Smith alikuwa akiwatania waandishi wa ridhaa waliojichomeka ndani ya hadithi za wengine. Tangu hapo jina limechakaa kwa matumizi, na siku hizi hubandikwa karibu kila mwanamke anayeshinda pambano kwenye skrini. Kama chombo cha uchambuzi, halinisaidii sana.

Ukisema mtu amezidi, lazima uwe na kipimo. Katika sakata hili kipimo hakijawahi kuwa saa za mazoezi. Nguvu, ile nishati inayovifunga pamoja viumbe vyote, haijengwi kama misuli. Filamu ya 1980 ililisema hilo waziwazi kwenye kinamasi cha Dagobah. Luke Skywalker, shujaa wa filamu za kwanza, anajaribu kukiinua chombo chake kilichozama, kinachomoka kidogo, kinarudi matopeni, naye anakaa chini na kununa. Mwalimu wake Yoda, kizee kisichofika kimo cha meta moja, anakinyanyua na kukiweka nchi kavu. Luke anasema haamini anachokiona. Yoda anamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kushindwa kwake. Kikwazo chake kilikuwa imani, wala hakuna aliyemtajia idadi ya miezi.

Sasa mtazame Rey kwa macho hayo. Amekua akisikia habari za Luke Skywalker kama ngano, akitamani ziwe kweli. Han anapomwambia kwamba ni kweli, yote ni kweli, uso wake unabadilika kabisa. Mtu wa namna hiyo hana mengi ya kusahau. Luke alilazimika kufundishwa kuamini, Rey alikuwa akisubiri ruhusa.

Hata rekodi zenyewe haziwasaidii walalamikaji. Katika filamu ya 1977 Luke anavaa kofia iliyomziba macho, anapambana dakika chache na kimpira kinachoelea na kumchoma, basi, mafunzo yamekwisha. Baada ya hapo anaingia kwenye ndege ya kivita, anazima kompyuta ya kulengea, na kutumbukiza kombora kwenye tundu la meta 2 ambalo mkongwe aliyemtangulia alilikosa. Sifa zake za kazi? Ametuambia kwamba nyumbani alikuwa akiwatungua wanyama wa jangwani kutoka angani. Baba yake, Anakin, ndiye wa ajabu zaidi. Filamu ya 1999 inamleta akiwa na miaka tisa: hana baba, kipimo cha vijidudu vya Nguvu kwenye damu yake kinapita 20,000 na kumshinda hata Yoda, anashinda mashindano ambayo binadamu wengine hawayawezi, ameunda roboti kwa mikono yake, na mwishoni analipua meli kuu ya adui karibu kwa bahati, akiwa ameambiwa tu akae ndani ya ndege asitoke. Lawama kubwa za mwaka ule zilimwangukia Jar Jar Binks, mhusika wa kuchekesha, na vile vijidudu vya kwenye damu. Uwezo wa mtoto yule ulipita kimya kimya.

Mtu anaweza kusema hapo kesi imefungwa: mwanamume akifanya ni kipaji, mwanamke akifanya ni upendeleo. Upendeleo huo upo, na kuna watu ambao wangelalamika hata kama Rey angeshindwa kuwasha taa. Hata hivyo wapo watazamaji wengi, wanawake miongoni mwao, waliotoka ukumbini wakihisi kuna kitu hakijakaa sawa, na kuwaambia wote kwamba wana chuki ni kukimbia kazi ya uchambuzi. Mimi nadhani walihisi sawasawa. Waliposhindwa kukitaja walichokihisi, wakakiita nguvu nyingi.

Twende msituni kwenye theluji, kwa sababu pambano lile ndilo kesi yenyewe. Kabla ya hapo filamu imetuonyesha zaidi ya mara moja kinachofanywa na silaha ya Chewbacca, mwenzake Han: askari mwenye deraya akipigwa nayo anarushwa hewani. Han anaiazima, anafyatua, anavutiwa nayo. Silaha hiyohiyo inampiga Kylo Ren ubavuni mara tu baada ya kumuua baba yake, Han huyohuyo, kwa mkono wake. Anafika msituni damu inadondoka kwenye theluji, anajipiga ngumi kwenye jeraha ili maumivu yamtie ukali. Anaanza kwa kupigana na Finn, rafiki wa Rey, ambaye hana mafunzo ya upanga ule na bado anamjeruhi begani. Rey naye muda mwingi wa pambano anarudi nyuma, akichoma mbele kwa ncha kama aliyezoea fimbo. Kylo anamfikisha ukingoni mwa genge. Angeweza kumaliza pale. Badala yake anamwambia anahitaji mwalimu, na kwamba yeye yuko tayari kumfundisha. Huyo hapigani ili aue, anatongoza mwanafunzi. Rey anafumba macho, anavuta pumzi, na mambo yanageuka.

Ushahidi wote huo upo ndani ya filamu, hakuna haja ya kutafuta vitabu vya ziada. Mbona basi haukuwatosha watu? Kwa sababu mwongozaji J.J. Abrams alipanga mambo mawili yanayopingana. Matukio yanatuambia kwamba binti huyu amenusurika mbele ya mtu aliyejeruhiwa, aliyevurugikiwa, na asiyetaka kumuua. Muziki na kamera vinatuambia kitu kingine. Upanga unachomoka kwenye theluji, unampita Kylo aliyekuwa akiuita, unatua mkononi mwa Rey, na John Williams anaufungulia ule wimbo wa Nguvu tunaoujua tangu 1977. Matukio yanasema amenusurika, muziki unasema ametawazwa. Mtazamaji husadiki masikio yake.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba Rey hukosea. Ndani ya meli ya mizigo ya Han anataka kufunga milango ili kuwanasa majambazi, anagusa fyuzi zisizo zenyewe, na kuwafungulia madude yenye minyiri yanayokula watu. Anapoona kwa mara ya kwanza maono ya upanga, anakimbilia porini na kuapa kutougusa tena. Adui wanapotokea anafyatua bunduki isilie, kwa sababu hajaondoa kifunga usalama. Kylo Ren anamgandisha kwa ishara ya mkono na kumbeba. Hata yule askari wa pingu hakutii mara moja, na safari ya kwanza anaishia kutukanwa. Orodha si fupi. Lakini jiulize ni lipi kati ya makosa hayo lililomchukulia chochote. Madude ya minyiri yanawala majambazi. Bunduki inalia mara ya pili. Utekwaji unamfikisha hasa mahali alipotakiwa awepo. Luke alipokurupuka kumkabili adui yake Darth Vader mwaka 1980 aliacha mkono wake wa kulia kule, na hakuupata tena.

Gharama ni sehemu ya tatizo. Sehemu kubwa zaidi, ambayo sioni ikizungumzwa vya kutosha, ni saa.

Kati ya filamu ya 1977 na ile ya 1980, ndani ya hadithi, inapita miaka mitatu. Filamu ya pili inafunguka kwenye barafu ya Hoth na Luke tayari ni kamanda. Anatekwa na dubwana la barafuni, anatundikwa miguu juu kwenye pango, upanga wake uko mbali kwenye theluji. Ananyoosha mkono, anatulia, upanga unamrukia. Ni nani aliyemfundisha kufanya hivyo? Katika filamu ya kwanza mwalimu wake Obi-Wan hakumwonyesha hata mara moja namna ya kuvuta kitu kutoka mbali, na alikufa kabla hawajafika huko. Hakuna aliyeuliza. Miaka mitatu imepita, atakuwa amejifunza mahali. Mtazamaji anafanya kazi hiyo kwa niaba ya mwandishi, bila kudai malipo, bila hata kujua kwamba anaifanya. Na yeye mwenyewe alikuwa amesubiri miaka mitatu ya kweli, kutoka 1977 hadi 1980, kwa hiyo saa ya ukumbini na saa ya hadithi zilikwenda pamoja.

Luke anarudi tena mwaka 1983 akiwa mtu mwingine, nguo nyeusi, sauti tulivu, anaingia kwenye kasri la jambazi Jabba na kuwakaba walinzi kwa ishara ya mkono. Mara ya mwisho tulimwacha na mkono wa bandia akitazama nyota. Katikati tena tumeachiwa pengo, na tena tumelijaza wenyewe.

Rey hakupewa pengo. Filamu yake ya kwanza inaishia juu ya kisiwa, akimnyooshea Luke upanga. Ya pili, The Last Jedi ya Rian Johnson ya 2017, inamchukua palepale, mkono ukiwa bado umenyooshwa. Watazamaji tulikuwa tumesubiri miaka miwili, yeye hakuwa hata amekunja kiwiko. Luke anaupokea upanga, anautupa nyuma ya bega, na kuondoka. Baadaye anaahidi masomo matatu. Hesabu yanayofika kwenye skrini, utayapata mawili. Kabla filamu haijaisha, binti huyo ananyanyua rundo zima la miamba kwenye sayari ya Crait ili kuwaokoa wenzake. Kutoka kugombania chakula jangwani hadi hapo, zimepita siku tu. Pengo la kwanza la kweli, la takriban mwaka mmoja, linakuja kabla ya filamu ya tatu, wakati lawama zimekwisha kukomaa.

Mchukue Luke, umwondolee ile miaka mitatu, ubandike mwanzo wa filamu ya pili kwenye mwisho wa ya kwanza. Asubuhi anavishwa medali, jioni anavuta panga kwa macho. Naye angeonekana amezidi. Hakuna hata chembe moja ya uwezo iliyoongezwa, ila saa imeondolewa.

Hilo ni kosa la ujenzi, na ni la studio kuliko la mhusika. Disney ilipoinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni 4, ilitaka filamu ziende haraka, na filamu tatu zikagawanywa kwa waongozaji wawili wenye mawazo tofauti. Abrams akamaliza ya kwanza kwa kuning'iniza watu ukingoni, na Johnson akabaki na chaguo la kumwacha Rey kisiwani mkono juu au kuanza palepale. Akaanza palepale.

Kuna swali jingine ambalo walalamikaji na watetezi wote wameliruka: je, anachokitaka Rey kinaweza kupatikana kwa nguvu?

Fumo Liyongo wa tenzi zetu hakutobolewa na chuma. Kila msikilizaji anajua hivyo tangu mwanzo, na hakuna aliyewahi kuinuka katikati ya utenzi kudai kwamba shujaa huyu amepewa nguvu nyingi mno. Anayemuua ni yule anayeweza kumfikia kitovuni na sindano ya shaba, kwa sababu ni mwanawe wa kumzaa, na siri yenyewe ameipata kinywani mwa baba. Mwili wote ni chuma, mahali pamoja ni nyama, na mahali hapo amepewa anayependwa.

Rey anacho kitovu, na filamu ya kwanza inakionyesha kabla hatujamsikia akisema neno la maana. Anatambaa ndani ya tumbo la manowari iliyoanguka, anang'oa vipuri, anateleza na mzigo wake juu ya mchanga, anavisugua vipuri hadi ving'ae. Mnunuzi, Unkar Plutt, anamkadiria robo ya mgao. Anarudi kwenye makazi yake, mzoga wa mashine ya vita yenye miguu. Anakwangua alama nyingine ukutani, ambako alama zimejaa. Unga unaumuka na kuwa mkate ndani ya maji, anaula haraka, analamba chombo. Kisha anakaa nje, anavaa kofia kuukuu ya rubani, na kutazama angani. Karibu hakuna mazungumzo. Baadaye Plutt anampa migao 60 kwa kile kiroboti cha duara, BB-8. Kwa mtu wa robo ya mgao, hiyo ni kufuru. Anazivuta karibu, anasita, anazirudisha. Na baada ya kuirusha Falcon kwa namna ile, baada ya Han kumpa kazi aliyoiota, anachotaka ni kurudi Jakku, wasije wazazi wakarudi na kumkosa.

Hapo ndipo penye nyama. Unaweza kuwa na uwezo wa kunyanyua milima, hakuna mlima wenye wazazi wako chini yake. Filamu ya 2017 ililielewa hili kuliko zote. Kwenye pango la kisiwani Rey anaomba aonyeshwe mama na baba. Kwenye kioo vivuli viwili vinakaribia, vinaungana, na anayejitokeza ni yeye mwenyewe. Mbele ya Snoke, bwana wa Kylo Ren, ambaye walalamikaji humsahau, anarushwarushwa kama kitambaa. Anauita upanga, unamzunguka na kumgonga kisogoni, yule mzee anacheka. Alikwenda pale akiamini atamrudisha Ben Solo, ndilo jina la kuzaliwa la Kylo Ren, kwenye nuru kwa sababu ameyaona maono, na amekosea vibaya. Snoke akishakufa, Kylo Ren, ambaye tayari amekwishaingia akilini mwake na anajua palipo laini, anamchoma hapohapo: wazazi wako hawakuwa mtu yeyote, walikuuza kwa pesa ya pombe. Anamlazimisha aliseme mwenyewe. Akishalia, anamnyooshea mkono.

Kwangu hicho ndicho kilele cha filamu zote tatu. Upanga wake hauna kazi pale. Kipaji hakina kazi. Anayemwambia ukweli ndiye pekee anayemtaka, na inambidi akatae. Ukiniambia mtu huyo amezidi uwezo, nitakuuliza ulikuwa unatazama mkono upi.

Ikaja The Rise of Skywalker, Desemba 2019. Abrams alirudi kwenye kiti, na tukaambiwa kwamba Rey ni mjukuu wa Palpatine, mfalme muovu tuliyemzika 1983. Iwe ilikusudiwa au la, filamu inasomeka kama jibu kwa walalamikaji: mliuliza nguvu zimetoka wapi, zimetoka kwenye damu. Kwa hesabu ya mantiki, jibu linatosha. Kwa hesabu ya hadithi, limeziba kitovu. Binti aliyekuwa hana mtu amepewa ukoo, tena ukoo mzito kuliko wote. Wazazi waliomuuza ghafla walikuwa wakimficha kwa upendo. Ukweli uliomliza amefutiwa, na kwa hiyo kukataa kwake mkono ule nako kumepungua thamani.

Filamu hiyohiyo inafanya dhambi ya pili, na hii ndiyo inayonifanya nikubali kwamba mwishoni Rey alizidi kweli. Kila anachopoteza anarudishiwa. Radi inamtoka mkononi, inalipua chombo tunachoamini kimembeba Chewbacca. Ni tukio zito kuliko yote aliyowahi kufanya, angeweza kulibeba filamu nzima. Baada ya muda mfupi tunaonyeshwa Chewbacca yu hai, alikuwa kwenye chombo kingine. Roboti C-3PO anakubali kufutwa kumbukumbu kwa ajili ya marafiki, na roboti mwenzake R2-D2 anamrudishia. Rey anamchoma Kylo Ren upanga tumboni, kisha anafunika kidonda kwa kiganja na kukiponya, uwezo aliokwisha kuuonyesha mwanzoni kwa nyoka wa mchangani. Mwishowe anakufa mwenyewe, na Ben Solo anamfufua. Ben ndiye anayebaki amekufa, na baada ya hapo filamu haimpi Rey hata sentensi moja ya kumlilia.

Liyongo akichomwa na kuamka kesho yake, umebaki na nini cha kuimba?

Kwa hiyo mtu akiniambia Rey ana nguvu kupita kiasi, namuuliza anazungumzia Rey wa mwaka gani. Wa 2015 hana, ana saa iliyobanwa na muziki unaomsifu kabla ya wakati wake. Wa 2017 ndiye dhaifu kuliko wote mahali panapohesabika. Wa 2019 amezidi, na kilichomzidisha ni zile fidia alizolipwa. Daisy Ridley, kwa upande wake, aliwaigiza wote watatu kwa bidii ileile, na sehemu zinazodumu ni zile ambazo uso wake umeachwa ufanye kazi bila taa za upanga.

Aprili 2023, kwenye mkutano wa mashabiki jijini London, ilitangazwa kwamba Ridley atarudi katika filamu mpya chini ya mwongozaji Sharmeen Obaid-Chinoy, hadithi ikiwekwa takriban miaka 15 baada ya matukio ya 2019, Rey akijaribu kuujenga upya mfumo wa Jedi, wale wapiganaji wa Nguvu. Miaka 15. Ndilo pengo alilonyimwa tangu mwanzo, na likipatikana sidhani kama kuna atakayehoji tena namna anavyoshika upanga. Kazi ya kufundisha, hata hivyo, ilimshinda Luke mpaka akajificha kisiwani, naye alikuwa na nguvu zote alizozihitaji. Ningependa kumwona Rey mbele ya mwanafunzi mmoja mwenye kipaji kumzidi, asiyetaka kabisa kusikia habari za Skywalker wala Palpatine, na anayetaka tu kurudi nyumbani kwa wazazi ambao, tofauti na wake, bado wanamsubiri.